Zamu ya Maji

Mtunza stoo wetu alikuwa akibisha hodi kabla ya kufungua stoo yake mwenyewe. Aligonga mlango mara mbili, akasubiri kama anayewapa wenye nyumba nafasi ya kujifunga kanga, ndipo akaingiza ufunguo. Tulipomuuliza kwa nini anayabishia hodi majembe na madebe ya mafuta, alisema mle ndani kuna panya, na panya naye ana familia. Halafu akatugeukia na uso usiocheka, akatuhesabia fagio: sita zimetoka, sita zirudi, na zirudi zikiwa na vichwa.

Shule nzima tulimwita Afande, na kila siku alikataa. Afande, alisema, ni mtu aliyeongoza watu. Yeye miaka yake ya jeshi ilipita kati ya buti, mablanketi na magunia ya maharage. "Adui yangu alikuwa mchwa," alituambia, "na mchwa ndiye aliyeshinda." Alikuwa mtu wa kuja, kutoka mikoa ya katikati, na hata baada ya kuishi Newala miaka mingi bado alikula ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha, kwa mashaka, akiimenya polepole kama anayefungua barua ya serikali.

Mtu huyo, ambaye hakuwahi kumwelekezea binadamu bunduki, ndiye aliyenifundisha vita. Alinifundisha juu ya kipande cha plaiwudi.

Ubao ule aliuchora kwa rangi zilizobaki tulipopaka madarasa. Upande mmoja ulikuwa uwanda wa juu, bapa kama meza, umefunikwa vichaka vya kijani cha milango. Katikati palikuwa na mteremko wa kahawia. Chini ya mteremko palikuwa na chemchemi mbili tu za buluu, ndogo kama vifungo vya shati. Kisha nchi ilitandazwa kuelekea Masasi, na huko alichora ile milima ya mawe, akaweka Chiwata mahali pake na Lisekese mahali pake, kwa sababu aliona si haki mtoto wa Chiwata acheze vita asione kwao.

Wenyeji wa juu walikuwa korosho zenye maganda. Wavamizi walikuwa vizibo vya soda. Vizibo ni Wangoni, ambao wazee wa Masasi mpaka leo huwataja kwa jina la Magwangwara na kushusha sauti kidogo, kama vile bado wanaweza kusikia. Kabla ya Wajerumani, kabla ya barabara, watu hao walikuwa wakija kutoka magharibi kuchukua chakula na watu, na watu wa huku walikimbilia juu, kwenye vichaka vya miiba, mahali ambapo mtu hawezi kupita ila kwa njia nyembamba moja moja. Juu palikuwa salama. Juu hapakuwa na maji.

Jeshi la kwanza la korosho liliangamia kwa namna ambayo hakuna kanuni iliyoitabiri. Afande aliliacha kwenye bakuli dirishani pa jikoni, na Mama Somoe, mpishi mkuu, akalikaanga. Alituletea kwenye sahani akidhani ametufanyia wema. Afande alitazama sahani kwa muda mrefu. Kisha akachukua korosho moja, akatafuna, akasema huyu alikuwa mkuu wa kikosi. Tangu siku hiyo korosho zake zilikaa ndani ya kopo lenye kufuli lililoandikwa SUMU.

Vitabu vyetu vya historia vilikuwa na mashujaa, na Afande aliviheshimu, maana vilikuwa mali ya shule na alivihesabu kila muhula. Lakini alivisoma kama mtunza stoo. Akifika mahali palipoandikwa kwamba jeshi fulani lilitembea siku nne likapiga adui asubuhi, aliweka kidole hapo na kuuliza: siku nne, nani alibeba maji? Mwalimu wa historia, dada mmoja mkakamavu aliyekuwa amehamia kwetu kutoka Tanga, alimwambia kwamba mtihani hauulizi hilo. Yeye akasema mtihani ungekuwa jeshi, ungekufa njiani.

Nadhani mchezo ulizaliwa kwenye swali hilo, ingawa yeye hakukubali kamwe neno kuzaliwa. Alisema aliutoa stoo.

Kilichomshika zaidi ni namna majeshi yanavyobadilika. Alipenda kutueleza jinsi Wangoni walivyopokea kutoka kusini ya mbali mkuki mfupi, ule usiorushwa, unaokulazimisha umfikie adui mpaka usikie pumzi yake. Alisimama katikati ya magunia ya mbolea, fimbo ya fagio mkononi, akatuonyesha. Mkuki mrefu unaurusha, ukishaurusha umebaki na mikono mitupu, lakini angalau uko mbali. Mkuki mfupi haukuachi mikono mitupu, lakini umbali umekwisha. "Watu wanadhani mageuzi ni kupata silaha mpya," alisema. "Silaha mpya hata mtoto anaitaka. Kazi ni kuitoa mkononi ile uliyoizoea."

Akaiweka kwenye kanuni hivyo hivyo. Mchezaji wa Wangoni akitaka mkuki mfupi, jeshi lake halitembei zamu mbili, linafanya mazoezi tu, huku mwenzake anajipanga anavyotaka. Baada ya hapo kila kizibo kina nguvu ya viwili, lakini kinapiga jirani yake tu. Mchezaji wa juu naye akitaka magobole, yaani zile bunduki za kushindiliwa baruti kwa mdomo, anapeleka watu pwani, anawakosa zamu mbili, na wakirudi gobole linalia mara moja kisha linanyamaza zamu nzima likishindiliwa. Kila mageuzi yalikuwa na kipindi cha udhaifu ndani yake. Wengi wetu hatukuwa na subira hiyo. Tulishambulia na mikuki ya zamani, tukatawanyika.

Kutawanyika lilikuwa neno lake. Kwenye ubao wa Afande hakuna aliyekufa. Ukisema umemuua fulani, alikurekebisha: amekwenda kwao. Nilidhani ni huruma ya mzee. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anasema anachokiona kuwa kweli, kwamba majeshi mengi hayamalizwi na mikuki, yanamalizwa na kiu, na viatu, na kuwakumbuka watoto. Lakini huruma hiyo hiyo haikumzuia kutushinda bila aibu. Hakumwachia mtu mchezo hata mara moja. Nilimwona akimtawanya mtoto wa kidato cha kwanza mwenye homa, kisha akamshika mkono na kumpeleka zahanati.

Sasa niseme tatizo, maana bila tatizo hilo asingekuwa mtu wa kuandikiwa chochote.

Mchezo ule mwanzoni haukuchezeka. Mkuki mfupi ukishapatikana, Wangoni walishinda kila mara. Mwalimu wa historia, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameanza kuja stoo kila Jumamosi na kiti chake mwenyewe, alimshauri apunguze nguvu ya mkuki. Afande alikataa. Alisema hawezi kumpunguzia mtu mkuki uliomtoa kusini ukamfikisha hapa.

"Basi ongeza gobole," Mwalimu akasema.

"Gobole lilikuwa gobole. Ukimaliza kushindilia, wageni wameshakula."

"Afande, mtoto akishindwa kila siku hajifunzi historia. Anajifunza kusinzia."

Walibishana hivyo muhula mzima, kwa adabu, yeye akimwita Mwalimu na Mwalimu akimwita Baba. Jibu likapatikana kwenye vichaka. Ikaandikwa kwamba ndani ya kichaka cha miiba mkuki wowote, mrefu au mfupi, unapita mmoja mmoja. Ilikuwa kweli, na ilisawazisha mambo papo hapo. Ilisawazisha mno. Wachezaji wa juu walijaza korosho zao kichakani wakakaa humo wamekunja mikono. Nakumbuka mechi moja kati yangu na kijana wa Masasi mjini, zamu kumi na saba hakuna aliyesogea, mpaka Mama Somoe akauliza kama tunasali.

Lililobaki lilikuwa maji, na hapo ndipo Afande alipotupoteza kabisa. Maana alikuwa mtunza stoo. Alitengeneza leja. Kila korosho na kila kizibo kilikuwa na mstari wake kwenye daftari kubwa, amekunywa lini, amebakiwa na kiasi gani, mtungi uko wapi, nani anaubeba. Kila zamu tulijaza leja kabla ya kusogeza chochote. Yeye alijaza kwa wino wa rangi mbili, na uso wake ukawa wa mtu aliye kwenye ibada. Ilikuwa sahihi kila kitu. Jumamosi moja tulianza baada ya chai ya asubuhi, na jua lilipoelekea kushuka upande wa Ruvuma tulikuwa kwenye zamu ya nne.

Mtu aliyetufundisha kwamba jeshi linakufa kwa kushindwa kuachia lilichokizoea, hakuweza kuiachia leja. Tulijaribu kumwambia. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima, akaongeza safu ya mvua.

Alitaka kitu kimoja, na alikitaka kwa namna iliyonitisha kidogo. Alitaka mchezo ule uingie kwenye vilabu vya historia vya shule zote, za Newala na za Masasi, watoto waucheze huku yeye hayupo. Hakusema ni kwa nini. Mwalimu wa historia ndiye aliyeniambia kwamba Afande alipokuwa shule alikataliwa kusoma historia, akaambiwa ana mikono ya kubeba. Kwa hiyo mgeni mmoja aliyekuja kukagua vilabu alipokubali kuutazama, Afande alipiga pasi shati lake mara mbili.

Mgeni alitazama kwa saa moja na robo. Alikuwa mtu mwema, hakucheka. Alisema ubao ni mzuri mno, ila klabu inapewa vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika themanini, na mchezo usioisha ndani ya dakika themanini hauwezi kwenda popote. Akashauri maji yaondolewe. Alisema watoto wanataka vita, wapewe vita.

Na Afande, kwa mara ya kwanza na ya mwisho niliyowahi kuona, alitii kitu asichokiamini. Aliondoa maji yote. Alipaka rangi ya kahawia juu ya zile chemchemi mbili.

Mchezo ukawa mwepesi, na ukafa. Zamu zilikwenda mbio, lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kutoka kichakani. Wasichana wawili wa kidato cha tatu, wote wa vijiji vya ukingoni, waliokua wakipanda ule mteremko na ndoo kichwani, walikaa mbele ya ubao wakaangaliana. Mmoja akauliza, kwa upole kabisa, hawa watu juu huku wanakunywa nini. Msichana akasema yeye hachezi kitu cha uongo, akainuka akaenda kufua.

Wiki nzima baada ya hapo Afande alibisha hodi stoo mara moja tu badala ya mbili. Tuliliona hilo wote.

Mama Somoe ndiye aliyetutoa. Alikuja stoo kuchukua chumvi, akatukuta tumeinamia ubao kama waliofiwa, Mwalimu kwenye kiti chake, mimi kwenye gunia, Afande amesimama na leja kifuani. Akauliza ugomvi ni wa nini. Tukamweleza: tukiweka maji mchezo hauishi, tukiyatoa mchezo si mchezo. Akaitaka ile leja aione. Hakuwa msomaji wa haraka. Alipitisha kidole kwenye mistari, mstari baada ya mstari, kisha akaifunga.

"Nani alikwambia kila mtu alikwenda kisimani kwa siku yake?" akamuuliza.

Afande akasema hajui, alikadiria.

"Wewe mtu wa kuja, Baba, nakusamehe. Bibi yangu alinieleza walivyokuwa wakifanya bibi zake. Walishuka siku moja, wote. Alfajiri, mstari mmoja, wanaume wenye mikuki mbele, wanaume nyuma, mitungi katikati. Akibaki mtu juu ni mgonjwa au mzazi. Wakishuka wameshuka, wakirudi wamerudi. Ungeacha mtu ashuke peke yake kwa siku yake, wangewaokota kama mabibo."

Kisha akachukua chumvi yake akaenda.

Niliona kitu kinapita usoni mwa Afande, polepole, kuanzia kidevuni. Alitazama ubao, akatazama ile rangi ya kahawia iliyofunika chemchemi, na akaanza kuikwangua kwa ukucha wa kidole gumba.

Kanuni mpya iliandikwa jioni ile kwenye nusu ya karatasi. Kila baada ya zamu tatu huja zamu ya maji, na ni ya pande zote mbili. Ikifika, jeshi lako liwe na watu kwenye chemchemi na njia iliyo wazi ya kuwafikia. Ukikosa, jeshi zima lina kiu. Ukikosa mara mbili mfululizo, limetawanyika, na mchezo umekwisha. Hapakuwa na mistari wala mitungi ya kuhesabu, wala safu ya mvua. Wangoni sasa walikuwa na cha kungojea chini, wenyeji walikuwa na sababu ya kutoka, na mkuki mfupi ulibaki na makali yake yote. Hakuna ukweli uliopunguzwa. Tulicheza mechi tatu kabla ya chakula cha jioni. Ya tatu ilimalizika Mwalimu wa historia amepanda juu ya kiti.

Siku iliyofuata Afande alibeba leja zake za maji, kumi na mbili, miaka yote ile ya wino wa rangi mbili, akazipeleka jikoni mwenyewe. Mama Somoe aliwashia moto kurasa mbili, zilizobaki akafungia vitumbua. Kwa majuma kadhaa tulikula vitumbua vilivyofungwa kwenye kiu ya majeshi.

Hayo yalitokea nikiwa shule. Baadaye niliondoka, nikakaa Dar es Salaam na watu wanaozungumza juu ya vitabu mpaka chai inapoa, na habari za Afande zilinifikia vipande vipande. Alistaafu. Alipanga chumba karibu na soko la Newala. Alitengeneza ubao wa pili, wa tatu, wa tano, kwa mkono. Magoti yalianza kumsumbua. Yule mgeni wa zamani alikuwa amehamishwa, na kwa kila aliyekuja baada yake Afande aliandika barua moja kila muhula, ya mistari minne, akiomba dakika themanini.

Mwaka huu mmoja akakubali.

Nilikuwa nimekuja nyumbani kuwasaidia wazazi kuokota korosho. Mwalimu wa historia alinipigia simu, akaniambia nisipokuja atanifuta kwenye orodha ya watu aliowafundisha. Nilipanda bodaboda na vumbi langu lote. Kwenye ukumbi wa shule moja pale Newala mjini palikuwa na meza katikati, ubao juu yake, wanafunzi wa shule kadhaa wamejaa mpaka madirishani, na mbele yao ofisa mmoja mgeni mkoani, kijana, saa yake ya mkononi ameivua ameiweka mezani. Alikuwa ameshasema wazi: kengele ya dakika themanini ikilia mchezo haujaisha, ameona, ahsante, na shughuli imekwisha.

Nikamwamkia Afande. Akaitikia marahaba, akaniambia nimekonda, akaniuliza kama huko niliko kuna mtu anauliza maji yalitoka wapi. Nikasema wachache. Akasema wachache wanatosha kuanzia.

Wachezaji walitakiwa kuwa wawili wa shule mbili. Msichana wa kidato cha pili kutoka Chiwata alikuwepo, amekaa wima, mikono mapajani. Wa upande wa Wangoni hakutokea. Gari lao lilikuwa limeharibika njiani baada ya Masasi. Dakika zikapita. Ofisa akatazama saa. Basi Afande akavuta kiti, akakaa mwenyewe upande wa vizibo, na ukumbi ukaguna, maana kila mtu alijua hajawahi kumwachia mtoto mchezo.

Alicheza kama alivyocheza daima. Alisimamisha jeshi zamu mbili, likafanya mazoezi, likapata mkuki mfupi. Msichana naye alituma watu pwani, akapata magobole manne. Wote wawili walikunywa kila zamu ya maji ilipofika. Hakuna aliyekosea. Na kwa sababu hakuna aliyekosea, muda ulikwenda. Dakika arobaini, hamsini, sitini na tano. Ofisa alikuwa ameanza kukunja karatasi zake.

Mwalimu wa historia aliinama nyuma ya kiti cha Afande. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Baba, poteza. Sogeza vizibo vibaya mara moja tu, uishe. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," akasema bila kugeuka. "Na huyu binti atajua. Kaa, Mwalimu."

Kisha akafanya shambulio la kweli. Alizitwaa chemchemi zote mbili, akaacha vizibo vitatu kwenye kila moja, na jeshi lote lililobaki akalipandisha mteremko, akaanza kuliingiza kichakani kwa ile njia nyembamba, kizibo kimoja kimoja, kuelekea kijijini. Lilikuwa shambulio zuri. Kila mtu ukumbini aliona litakavyokuwa: msichana atajaza watu wake mlangoni, watapigana mmoja mmoja, na kengele itawakuta humo.

Msichana hakujaza mtu mlangoni. Aliuangalia ubao kutoka juu mpaka chini. Halafu akaanza kuzitoa korosho zake kwa njia ya nyuma. Si baadhi, zote. Wenye mikuki, wenye magobole, wenye mitungi, wazee, wote, mstari mmoja, wakashuka mteremko upande wa pili. Kijiji kikabaki kitupu. Ndani ya miaka yote ile, kwenye mbao zote zile, sikuwahi kumwona mtu akikiacha kichaka. Hata Afande hakuwahi. Niliuona mkono wake umesimama hewani na kizibo.

Magobole manne yalilia kwenye chemchemi ya kwanza, na vizibo vitatu vikaenda kwao. Wenye mikuki wakaizidi chemchemi ya pili kwa wingi. Ikaja zamu ya maji. Msichana alikuwa na chemchemi zote mbili. Afande alikuwa na kijiji, na vichaka, na jeshi bora kuliko yote yaliyowahi kukanyaga uwanda ule, na hakuwa na tone.

Alijaribu kuwarudisha. Njia ilikuwa nyembamba, wakatoka mmoja mmoja kama walivyoingia, na kwenye mteremko magobole yalikuwa yameshashindiliwa. Alipambana kwa kila alichonacho, mgongo umeinama, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayeandika. Alitafuta njia kila mahali. Haikuwepo. Zamu nyingine ya maji ikafika, ya pili mfululizo akiwa mkavu.

"Una kiu, Afande," msichana akasema.

"Nina kiu," akajibu. "Wametawanyika."

Akasimama, kwa shida ya magoti, akampigia saluti. Saluti kamili, ya uwanja wa gwaride, yeye aliyesema maisha yake yote kwamba si afande. Saa ya ofisa ilikuwa na dakika nne zilizobaki.

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka meza zikipigwa, vigelegele vya wasichana wa Chiwata vikigonga bati la ukumbi, Mwalimu wa historia akilia na kucheka na kunipiga begani bila kukoma. Ofisa alikuwa anajaribu kusema kitu. Alikuwa anasema shule zote, vilabu vyote, anataka kujua mbao zinaweza kutengenezwa ngapi na kwa muda gani. Alilazimika kurudia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anapiga kelele naye, anatabasamu.

Afande hakumsikia. Alikuwa ameshaketi tena, ameinamia ubao, anauliza ni kwa nini, ni wapi ulianza kuwaza kuondoka, ni zamu ya ngapi. Msichana akamwonyesha kwa kidole. Yeye akafuata kidole hicho kutoka kichakani, kushuka mteremko, mpaka majini, akarudia tena safari hiyo polepole kwa kidole chake mwenyewe, kama mtu aliyeonyeshwa njia mpya ya kwenda kwake.

Kisha akakusanya vizibo vyote kwa viganja viwili, akavisukuma upande wa msichana, na akavuta korosho kwake.

"Panga," akamwambia. "Sasa mimi nakaa juu."